Kibanda cha Picha Kwenye Shughuli: Maswali ya Wasomaji

Mfunguo Mosi ukishaingia, kumbi za Unguja na Pemba hazipumziki, na barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: kibanda cha picha, ambacho wengine hukiita fotobuthi. Ni kamera iliyofungwa ndani ya kasha au juu ya stendi, ikiwa na kioo cha kugusa, taa na printa. Mgeni anasimama mbele ya pazia, anahesabiwa, anapigwa, anaondoka na picha yake mkononi. Hatukujibu kila barua kwa urefu mmoja; pale penye mengi ya kuharibika tumekaa zaidi.

Asalaam alaykum. Harusi ya mwanangu ina waalikwa 300 na tumekodi kibanda kwa saa mbili. Mwenyewe anasema picha ni "bila kikomo". Zitatosha? (Mama wa bwana harusi, Mwanakwerekwe)

Waalaykumu salaam, mama. Saa mbili hazitoshi, na hilo neno "bila kikomo" lisikutulize. Kikomo kipo, nacho ni saa yenyewe.

Piga hesabu hivi. Kundi la watu wanne huchukua kama nusu dakika kuingia, kuweka mikoba chini na kujipanga. Mipigo mitatu, kila mmoja ukitanguliwa na kuhesabiwa tano, pamoja na kucheka na kubadilisha mkao, ni nusu dakika nyingine. Kuangalia kioo, kuchagua idadi ya nakala na kuwapisha wengine ni nusu dakika ya tatu. Kibanda kinachoendeshwa vizuri hupitisha makundi 35 hadi 40 kwa saa, yaani watu 140 hadi 160, na hapo kila mtu aingie mara moja tu. Nani huingia mara moja harusini? Wasichana watarudi na mashoga zao, tena na mama zao, tena na bi harusi. Kisha ondoa muda ambao hakuna anayesogea kibandani: wakati wa chakula na wakati bi harusi anapotolewa. Kwa waalikwa 300 kodi saa nne, ukijua kwamba za kazi hasa zitakuwa tatu.

Baada ya hesabu ya saa, ije ya printa. Nyingi za kazi hii hutoa karatasi ya inchi 4 kwa 6 kwa sekunde 8 hadi 13. Watu wanne wakitaka kila mmoja nakala yake kwa ukubwa huo, printa ya taratibu inahitaji karibu sekunde 50; foleni bado inakwenda, kwa sababu kundi la pili linapigwa huku la kwanza linachapishiwa. Wakiwa wanane, printa inazidiwa. Ukichagua vipande virefu vya inchi 2 kwa 6, karatasi moja inakatwa vipande viwili na muda unapungua nusu, kwa hiyo kwa harusi kubwa sisi tunashauri vipande. Makundi 35 kwa saa, kwa saa tatu, watu wanne kila kundi, ni vipande 420, yaani karatasi 210. Rola ya printa aina ya DNP DS-RX1HS ina karatasi 700 za ukubwa wa 4 kwa 6, na ya printa ya DS620 ina 400, hivyo rola moja inatosha. Lakini nyingine iwepo kwenye boksi, maana rola iliyoanza kutumika harusi ya jana ndiyo inayoishia katikati ya foleni ya leo.

Kabla hujatoa fedha muulize mwenye kibanda: nakala ni kwa kila mtu au kwa kila kundi? Wengi wanaposema bila kikomo wanakusudia makundi mangapi yoyote, lakini kila kundi nakala mbili. Shangazi watatu hawawezi kugawana vipande viwili bila kununiana.

(Kibanda cha kujiendesha alichokifungua Anatol Josepho huko New York mwaka 1925 kilitoa picha nane kwa senti 25, na mtu alisubiri kama dakika 8. Watu walipanga foleni barabarani. Wageni wa leo hawana subira hiyo, kwa hiyo hesabu ya muda ndiyo ya kwanza.)

Shughuli yetu ni ya wanawake peke yao. Watu watavua mabuibui, watajipamba, watacheza. Binti anataka kibanda, mimi nina hofu picha zisije zikazagaa. Tukatae? (Mama, Wete)

Msikatae, bi mkubwa, lakini msikubali kwa maneno matupu. Picha ya mwanamke aliyevua buibui ni amana, na aliyekabidhiwa amana lazima aweze kuonyesha mahali inapolala. Asiyeweza kukuonyesheni, mwacheni, hata kama pazia lake ni zuri kuliko yote kisiwani.

Mwendeshaji awe mwanamke, na fundi wake awe mwanamke pia. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Msichana anasimamia kibanda vizuri, printa inakwama saa tatu usiku, anaitwa kaka fundi kutoka nje, na ukumbi mzima unatafuta mitandio. Siku ya kukubaliana mwambieni abadilishe rola na kutoa karatasi iliyokwama mbele ya macho yenu. Ni kazi ya dakika tano kwa anayeijua.

Kisha mjue picha moja hukaa sehemu ngapi. Ipo kwenye kadi ya kamera. Ipo kwenye laptopu au tableti mara mbili: ile asili kwenye folda moja, na ile iliyotiwa maua na majina kwenye folda nyingine. Kibanda kikitengeneza video fupi, ipo na humo. Kikiwa na mtandao, ipo kwenye hifadhi ya mtandaoni, na programu nyingi huipandisha huko zenyewe bila mtu kubonyeza kitu. Na ipo kwenye riboni ya printa.

Hili la riboni wengi hawalijui, hata baadhi ya wenye vibanda. Printa hizi hazinyunyizi wino. Zina utepe mwembamba wa plastiki wenye rangi ya manjano, waridi iliyokoza na samawati kwa zamu; kichwa cha moto huihamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi, na pale rangi ilipotoka panabaki alama. Ufungue utepe uliotumika, uushike kwenye mwanga: utaziona picha zote za usiku ule, rangi zimegeuka kinyume, lakini sura na nguo zinajulikana wazi. Utepe huo ukitupwa jaani, wametupwa jaani wageni wenu wote.

Kwa hiyo katika makubaliano yaandikwe haya. Mtandao uzimwe kabisa tangu mashine inawashwa. Pasiwe na kutumiana picha kwa WhatsApp wala barua pepe pale pale. Faili zihifadhiwe moja kwa moja kwenye diski yenu mliyoinunua wenyewe dukani, si kwenye mashine yao. Kufuta baadaye hakutoshi, kwa sababu faili lililofutwa hurudishwa kwa programu za kawaida. Kadi ya kamera mkabidhiwe au kamera ipangwe isihifadhi kitu kwenye kadi. Kioo kisiwe kinarusha picha za waliotangulia wakati hakuna anayepigwa, maana mtu mwenye simu anaweza kusimama pale akazinasa moja moja. Na mwisho wa shughuli riboni itolewe mbele yenu, mpewe, muikate vipande kwa mkasi. Riboni na karatasi zake hwenda pamoja kwa hesabu, hivyo mtalipia rola nzima hata kama mmetumia nusu. Lipeni.

Limebaki moja dogo. Kamera ielekee ukuta wenye pazia, si sehemu wanapocheza watu. Pazia likiwa jembamba, pembeni mwa picha ya mtu mmoja huonekana wengine watano ambao hawakuulizwa.

Nimeanza biashara ya kibanda hapa Chake Chake. Picha zinatoka na vidoto vyeupe, nyengine zina mikunjo ya mshazari, na wiki iliyopita karatasi ilinasa mara tatu katika harusi moja. Printa ni mpya. Tatizo ni nini? (Kijana, Chake Chake)

Tatizo ni hewa, ndugu yetu, na jinsi unavyoifungulia printa hewa hiyo. Watengenezaji wa printa hizi kwa kawaida huzikubali kufanya kazi katika joto la nyuzi 5 hadi 35 na unyevu wa asilimia 35 hadi 80. Wakati wa masika sisi huvuka hapo bila taabu, na ukumbi uliojaa watu huvuka zaidi.

Vidoto vyeupe ni vumbi. Chembe ikikaa baina ya riboni na karatasi, rangi haifiki pale. Vikitokea ovyo ovyo, vumbi limeingia ulipobadilisha rola: umeifungua printa karibu na mlango, au juu ya meza iliyotoka kupanguswa kwa kitambaa kinachotoa nyuzi. Vikijirudia kwa umbali ule ule katika kila picha, uchafu umeganda kwenye kigurudumu kinachovuta karatasi. Mstari mmoja mwembamba ulionyooka, mahali pale pale kila picha, ni kichwa cha moto. Zima printa, iache ipoe, pangusa kichwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichotiwa spiriti ya isopropili, upande mmoja tu bila kurudisha mkono. Mstari ukibaki baada ya hapo, kichwa kimeungua mahali hapo na dawa yake ni kukibadilisha.

Mikunjo ya mshazari ni riboni yenyewe kujikunja. Huja kwa sababu mbili, na mara nyingi kwa pamoja. Ya kwanza, riboni imepachikwa ikiwa imelegea. Zungusha gurudumu lake kwa kidole mpaka ikaze kabla hujafunga mlango. Ya pili ni joto la kuzidi. Picha yenye weusi mwingi hukilazimu kichwa kutoa moto mwingi, na picha kama hizo zikifuatana hamsini bila mapumziko, plastiki inalainika na kujikunja. Angalia kiolezo chako, yaani ule mchoro wa maua na majina unaowekwa pamoja na picha: kama kina usuli mweusi au buluu iliyokoza kila pembe, kibadilishe kiwe cheupe au cha maziwa. Mikunjo itapungua usiku huo huo.

Kunasa kwa karatasi ndiko kunakotokana na unyevu hasa. Karatasi hunyonya maji, ikavimba na kupinda. Rola ikae ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka saa ya kuitumia, na iliyobaki irudi mfukoni pamoja na vifuko vya kukausha. Usiitoe printa kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaifungua papo hapo ukumbini penye joto. Itatoa jasho ndani, kama gilasi ya maji baridi juu ya meza. Ifikishe ikiwa ndani ya kasha lake, iache imefungwa saa moja au zaidi ipate joto la pale, ndipo uifungue. Na usipoitoa rola wakati wa kusafirisha, barabara ya kwenda Konde itakulegezea kila ulichokikaza.

Usichanganye riboni nusu na karatasi mpya ili kubana matumizi. Kimoja kitaisha kabla ya chengine, na utatupa vyote viwili.

Umeme ukikatika katikati ya shughuli, kibanda hufanywaje? (Msomaji, Kiembesamaki)

Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kwa waya wake kutoka Tanga. Wenye umri wanakumbuka mwaka 2008 Unguja ilipokaa kama mwezi bila umeme, na ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kukatika kwa dakika kumi ni jambo la kawaida zaidi, na dakika kumi hizo zinatosha kuharibu.

Umeme ukikatika printa ikiwa imeshapiga manjano lakini bado waridi, picha hiyo imekufa na sehemu yake ya riboni imepotea. Dawa ni UPS, lile boksi la betri linalowekwa baina ya soketi na mashine. Printa peke yake inaweza kuvuta wati 300 hadi 400 inapopasha moto, laptopu kama 65, kioo na taa ndogo kidogo juu yake. UPS ya VA 1500, ambayo kwa kawaida hubeba wati 900, inakupa dakika kadhaa: za kumaliza picha zilizopo foleni na kuwasha jenereta. Si ya kuendeshea saa nzima. Taa kubwa ya flashi iwe ya betri, isichomekwe kwenye UPS, maana kila inapojijaza huvuta kwa kishindo.

Jenereta iwe ya aina ya inveta, kilowati 2 zinatosha. Zile za kelele zinazotumika kwenye vibanda vya chipsi umeme wake hupanda na kushuka, na printa hujizima yenyewe. Ekstensheni iwe ya waya wa milimita 2.5 za mraba, na kama ni ya gurudumu ikunjuliwe yote. Ikibaki imezungushwa huku inabeba mzigo, hupata moto mpaka plastiki ikayeyuka.

Hata umeme ukiwepo, usichangie soketi na wenye muziki wala kiyoyozi. Na umeme ukirudi subiri dakika mbili tatu kabla ya kurudisha mashine kwenye soketi, kwa sababu mara nyingi hurudi na nguvu isiyotulia.

Kwenye harusi ya dada yangu wanaume wa kanzu walitoka weusi sura hazionekani, wanawake wa mabuibui wamepauka, na bi harusi uso mweupe kama katiwa unga. Kamera mbovu? (Dada, Jang'ombe)

Kamera nzima. Iliachwa ijiamulie mwanga yenyewe. Ikiona kanzu nyingi nyeupe hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, na nyuso zikaingia gizani. Ikiona mabuibui meusi hudhani pana kiza, ikaongeza, na nyuso zikapauka. Mwendeshaji aipange kwa mkono: kasi ya kupiga 1/125, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 400, joto la rangi lililowekwa kwa ajili ya flashi, kisha nguvu ya flashi ipimwe kwa kumpiga mtu mmoja wa kanzu na mmoja wa buibui wakiwa wamesimama pamoja. Ikikaa sawa kwa wote wawili, isiguswe tena usiku kucha. Mpango huo pia hufuta karibu taa zote za rangi za ukumbini, zile zinazowafanya watu watoke kijani.

Uso wa unga ni jambo jengine. Vipodozi vingi vyenye kinga ya jua vina zinki oksaidi au titani dioksaidi, na poda nyingi za kumalizia zina silika. Kwa macho huvioni, flashi huvirudisha vyote vyeupe. Bi harusi akiwa bado kwa mpambaji apigwe picha moja kwa flashi, chumba kikiwa na kiza. Kasoro itaonekana hapo hapo na itafutika kwa dakika mbili, ukumbini haifutiki.

Kuhusu pazia: jeusi lisiwekwe kwenye shughuli ya mabuibui, jeupe lisiwekwe kwenye shughuli ya kanzu. La kumeremeta hurudisha flashi likatia madoa ya mwanga, kwa hiyo watu wasimame zaidi ya nusu mita mbele yake na taa iinuliwe juu, pembeni. Sisi tunapenda kanga. Doti mbili, yaani kanga nne, zikishonwa mbili juu mbili chini hutoa kama mita 3 kwa 2.2, na hilo linatosha kwa watu watano, kamera ikiwa mita 1.9 kutoka kwao. Jina la kanga likisomeka juu ya vichwa vya watu, halihitajiki bango jengine lolote. Mji Mkongwe umezoea kupigwa mbele ya pazia. Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930, na waliokwenda studio siku hizo walivaa kwa ajili ya picha kama mnavyovaa leo.

Tunataka majina yetu kwa herufi za Kiarabu, tarehe ya Hijria, na Bismillahi juu ya kila picha. Inawezekana? (Bwana harusi mtarajiwa, Michenzani)

Inawezekana yote, la mwisho tunakuomba uliache. Vipande hivi huanguka sakafuni, hukanyagwa, hufutiwa mikono ya pilau, na asubuhi hufagiwa pamoja na mabaki. Jina la Mwenyezi Mungu lisiwekwe huko. Liweke kwenye kadi ya mwaliko.

Kiarabu kina mtego wake: programu nyingi za vibanda haziunganishi herufi wala haziandiki kutoka kulia, kwa hiyo jina hutoka herufi moja moja na limegeuka. Liandikwe kwanza mahali pengine, ligeuzwe kuwa picha, ndipo liwekwe kwenye kiolezo. Karatasi ya 4 kwa 6 ni pikseli 1200 kwa 1800, kipande ni 600 kwa 1800. Maandishi yakae angalau milimita 5 ndani ya ukingo, maana kisu hakikati mahali pale pale kila mara. Tarehe ya Hijria ithibitishwe baada ya mwezi kuandama. Kiolezo kikichorwa miezi miwili kabla, siku moja inaweza kuruka.

Vijana wanataka lile jukwaa la kuzunguka la 360. Lina hatari? (Mzazi, Fuoni)

Lina hatari kwa nguo ndefu. Watu husimama juu ya jukwaa, na mkono wa mashine uliobeba simu ya kurekodi huwazunguka karibu na ukingo wake, na buibui, mtandio au shela ikining'inia nje hunaswa. Mwendeshaji akusanye nguo za kila anayepanda, ahakikishe hakuna kilichovuka ukingo, na ashike kidhibiti mkononi muda wote ili asimamishe papo hapo. Jukwaa la mita moja ni la watu watatu, si sita. Weka kamba ya kuzuia pande zote, eneo la mita 3 kwa 3 liwe tupu, na watoto wasiachwe karibu. Bi harusi mwenye shela ya kuburura asipande. Apigwe kwenye kibanda cha kawaida. Na video hizo zimo ndani ya simu ya mwendeshaji, kwa hiyo rudini kwenye jibu la mama wa Wete.

Taasisi yetu ina siku ya wafanyakazi hotelini Paje, ufukweni. Kibanda kikae mchangani, machweo yaonekane nyuma? (Afisa utumishi, Vuga)

Paje inatazama mashariki. Jua linachwea upande wa nchi kavu, nyuma ya minazi. Machweo ya baharini tafuteni Kendwa au Nungwi.

Mchangani tunakataza. Pazia la mita 2.4 kwa 2.4 ni karibu mita za mraba 6 za kitambaa, na hilo ni tanga. Kusi ikivuma, linaondoka na stendi zake na aliyesimama mbele. Kibanda kiwekwe barazani chini ya makuti, mgongo kwenye upepo, kila mguu wa stendi ukiwa na kiroba cha mchanga cha kilo 15 hadi 20. Kama hapana budi kiwe karibu na maji, angalieni mwezi: siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hujaa mpaka mahali ambapo juzi paliwekwa viti. Feni ya printa huvuta hewa ya chumvi, kwa hiyo ifunikwe kila inapopumzika na ipanguswe kwa kitambaa kikavu jioni hiyo hiyo.

Kwa nembo ya taasisi, mpeni mchoraji faili asili, si picha iliyonakiliwa kutoka WhatsApp. Na kama picha zitatumika kwenye matangazo yenu, liandikwe bango dogo mbele ya kibanda linalosema hivyo, ili asiyetaka apite.

Kibanda kinatoka Unguja kuja Mkoani. Kije kwa ndege au kwa boti? Na risiti iandikwe nini? (Kamati ya harusi, Mkoani)

Boti. Printa peke yake ina kilo 12 hadi 14, na ndege ndogo za Pemba mara nyingi humpa abiria kilo 15 za mzigo wote. Betri nazo zina sheria: zisizozidi wati-saa 100 huingia na abiria ndani, za 100 hadi 160 kwa ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo haziruhusiwi kabisa, na zile betri kubwa za kuendeshea kibanda huvuka mpaka huo. Kije siku moja kabla. Bahari ikichafuka na boti ikaahirishwa, mnabaki na siku ya akiba.

Risiti iandikwe saa ya kuanza kupiga, si saa ya kufika. Mafundi wafike dakika 90 kabla. Iandikwe nauli na malazi ni ya nani, idadi ya rola zitakazoletwa, nakala kwa kila mtu, na kiasi kitakachorudishwa kwa kila saa ambayo mashine haikufanya kazi. Iandikwe pia kwamba inakuja printa ya pili, hata ndogo. Unguja fundi anaweza kufuata nyengine mjini akarudi. Mkoani saa mbili usiku boti ya kuifuata haipo.